Video zetu zinakaa wapi? Mipangilio na hifadhi katika programu ya Kdenlive

Siku moja kijana wa timu yetu ya mawasiliano alifungua kompyuta ili amalizie video aliyoianza mwezi mmoja kabla. Ulikuwa ushuhuda wa mama mmoja mzee sana, kati ya wale wachache waliobaki ambao walikumbuka namna kanisa la kwanza la kijiji chao lilivyojengwa: nani alifyatua matofali, nani alipikia wafanyakazi, mchungaji alifika kwa njia gani. Mama aliongea zaidi ya saa moja mbele ya kamera. Siku chache baadaye aliugua, na sasa tulikuwa tumetoka kumzika. Familia yake ilikuwa inaingoja video hiyo.

Mradi ulifunguka, lakini mahali pa picha palikuwa patupu. Dirisha dogo lilitokea likisema kwamba faili hazipatikani, na chini yake orodha ndefu ya majina.

Kijana alikuwa ameingiza video moja kwa moja kutoka kadi ya kamera, bila kuzinakili kwanza kwenye kompyuta. Alipomaliza kazi ya siku ile, kadi ilirudi katika kamera. Jumamosi kulikuwa na harusi, na ndugu anayepiga picha aliifomati kadi kama anavyofanya kabla ya kila sherehe. Hakuna aliyefanya vibaya kwa makusudi. Kila mmoja alifanya kazi yake. Kitu tulichokosa ni kujua programu inaweka nini, na inakiweka wapi.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya timu za parokia zinazohariri ibada, nyimbo za kwaya, mazishi na mafundisho kwa kompyuta za kawaida. Tunaeleza Kdenlive kwa sababu ndiyo tunayoitumia: ni ya bure, inatengenezwa na jumuiya ya KDE, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na kompyuta yenye kumbukumbu ya giga 8 inaweza kuibeba ukiipanga vizuri. Menyu zenyewe wengi wetu tunaziona kwa Kifaransa. Hapa tunazitaja kwa Kiswahili kwa kueleza kazi yake, maana majina yanabadilika kidogo kutoka toleo moja hadi jingine.

Faili ya mradi haina picha ndani

Hili ndilo jambo la kwanza, na tungeomba kila anayeanza aambiwe kabla hajagusa kitu kingine. Unapoingiza video katika Kdenlive, programu haiinakili. Inaandika tu anwani: video hii iko katika diski fulani, folda fulani, jina lake ni hili. Ukikata, ukipanga, ukiongeza maandishi, inaandika maagizo: chukua kutoka sekunde ya 12 hadi ya 40, punguza sauti, weka jina la mhubiri chini. Hayo yote yanakaa katika faili moja inayoishia kwa .kdenlive. Faili hiyo ni maandishi matupu; unaweza hata kuifungua kwa programu ya kuandikia na kuyasoma. Ndiyo maana ibada ya saa mbili yenye giga 30 za picha ina faili ya mradi isiyofika hata mega chache.

Tumewaona ndugu wakituma faili hiyo kwa WhatsApp kutoka mji mmoja kwenda mwingine wakidhani wametuma video. Anayeipokea anapata maagizo bila vyakula, kama mtu aliyepewa karatasi ya mapishi na sufuria tupu.

Programu karibu zote za kuhariri zinafanya namna hiyo, na kuna sababu nzuri. Kama kila mradi ungenakili picha zote, diski ingejaa kwa miradi mitatu. Lakini maana yake ni kwamba ulinzi wa picha za asili uko mikononi mwako. Programu haitakuzuia kuondoa kadi. Haitakuuliza kama umenakili.

Kwa hiyo sheria yetu sasa ni hii: kadi ikitoka katika kamera, inanakiliwa yote kwenye diski, tunahesabu faili na kulinganisha ukubwa, tunafungua mbili tatu kuona kama zinacheza, kisha ndipo programu ya kuhariri inafunguliwa. Kadi haifomatiwi mpaka nakala ya pili iwepo mahali pengine. Mpiga picha hafomati bila kumuuliza mhariri. Ikiwa ana kadi moja tu, parokia inunue ya pili. Ni bei ndogo kuliko kumrudisha aliyekwenda.

Folda moja kwa kila kazi

Kdenlive ina jambo zuri ambalo watu wengi hawalijui. Ikiwa picha za asili ziko ndani ya folda ileile iliyo na faili ya mradi, au katika folda ndogo zilizo chini yake, anwani zinaandikwa kwa kuanzia hapo mradi ulipo, si kwa kuanzia mwanzo wa diski. Ukihamisha folda nzima kwenda diski nyingine au kompyuta nyingine, mradi unafunguka na kila kitu kiko mahali pake. Ikiwa picha ziko kwenye eneo la kazi la kompyuta, muziki uko katika folda ya vitu vilivyopakuliwa kwenye intaneti, na nembo ya kanisa iko kwenye flashi ya katibu, basi kuhama ni kuvunjika.

Sisi tunatengeneza folda moja na kuipa jina linaloanza na tarehe, mwaka ukitangulia, kwa mfano 2024-06-16_ibada_ya_vijana. Mwaka ukitangulia, kompyuta yenyewe inazipanga kwa mfuatano. Ndani yake kuna folda ya picha za asili, ya sauti, ya nembo na picha za kawaida, na ya video zilizokamilika. Faili ya mradi inakaa juu, nje ya hizo ndogo. Majina ya folda hatuweki nafasi wala alama za juu za Kifaransa. Mara nyingi hazina shida, lakini siku faili inapopita katika mashine tatu tofauti utafurahi kuwa hukuziweka.

Kisha tunaenda katika mipangilio ya Kdenlive, sehemu ya mazingira, penye folda za kawaida. Hapo unaambia programu miradi mipya ikae wapi na faili zake za muda zikae wapi. Katika mipangilio ya mradi wenyewe unaweza pia kuchagua kwamba folda ya mradi iwe ileile iliyo na faili ya mradi. Tunashauri mfanye hivyo. Ukiacha jinsi ilivyo, kwenye Windows faili za muda zinaingia ndani ya folda iliyofichwa, AppData, sehemu iitwayo Local, chini ya jina kdenlive. Kwenye Linux ziko katika.cache. Mtu anaona diski C imejaa, anafuta nyimbo zake na picha za watoto, na bado imejaa, kwa sababu mzigo uko mahali asipopaona.

Kwa wale wenye Windows na diski ya nje, angalieni herufi ya diski. Leo inaitwa E, kesho mtu akichomeka flashi kwanza inaitwa F, na mradi unalia kwamba faili zimepotea. Hazikupotea. Fungua zana ya Windows ya kusimamia diski, uipe diski ya kazi herufi ya mbali kama V, nayo itaishika kwenye kompyuta hiyo. Na kama dirisha la faili zisizopatikana likitokea, usiogope na usibonyeze kuondoa. Chagua kutafuta, onyesha folda kubwa, uiache ipekue ndani yake. Kdenlive inakumbuka ukubwa wa faili na alama yake ya ndani, kwa hiyo mara nyingi inaitambua hata kama mtu amebadilisha jina.

Proksi, au nakala nyepesi

Kompyuta nyingi tulizo nazo zilinunuliwa zimetumika, kutoka Ulaya au Dubai, na hazikutengenezwa kwa ajili ya video nzito za simu za leo. Ukiweka video ya 4K kwenye mstari wa kazi, picha inaruka, sauti inakwama, na mhariri anakata pasipo mahali pake kwa sababu hakuona vizuri.

Dawa yake ni proksi. Programu inachukua kila video nzito na kutengeneza nakala yake ndogo, kwa kawaida yenye upana wa pikseli 640, na wewe unahariri kwa kutazama nakala hiyo. Ukimaliza na kuagiza video ya mwisho itolewe, programu inarudi yenyewe kwenye picha za asili. Hakuna ubora unaopotea, ila tu kama umeweka alama kwenye chaguo la kutoa video kwa kutumia proksi. Chaguo hilo liacheni bila alama.

Katika mipangilio ya mradi kuna ukurasa wa proksi. Hapo unaziwezesha, na unasema zitengenezwe kwa video zenye upana unaozidi kiasi fulani; programu inapendekeza pikseli 1000, maana yake Full HD na kila kitu kikubwa kuliko hapo kitatengenezewa nakala. Fanyeni hivyo katika mipangilio ya jumla ili kila mradi mpya uanze nazo. Kutengeneza proksi za ibada nzima kunachukua muda. Sisi tunaingiza picha jioni, tunaiacha mashine ifanye kazi wakati umeme upo, na asubuhi tunahariri.

Kabla ya kutengeneza proksi, jaribuni pia kupunguza ukubwa wa picha kwenye kioo cha kutazamia. Kuna kitufe chini yake kinachokuruhusu kuchagua 720p, 540p au 360p. Hakigusi faili yoyote, na kwa kazi fupi pengine kinatosha.

Hapa turudi kwa mama yetu. Video zake za asili zilikuwa zimeandikwa juu na picha za harusi. Tulijaribu programu za kurudisha faili zilizofutwa. Zilitoa vipande visivyocheza. Ndipo mmoja wetu akakumbuka kwamba mradi ule ulihaririwa kwa proksi. Tulifungua folda ya faili za muda kwenye kompyuta ya kijana na kukuta faili zenye majina ya ajabu, mfululizo wa herufi na tarakimu, kwa maana Kdenlive haizipi proksi jina la video ya asili. Tulifungua moja. Mama alikuwa pale, mdogo, picha ikiwa na ukungu kidogo, lakini sauti ilikuwa safi. Saa moja na dakika kadhaa, yote.

Tuliiweka kwenye diski mbili siku ileile. Familia iliona video yenye upana wa pikseli 640, na hakuna aliyeuliza juu ya pikseli. Lakini sisi tunajua kwamba hatukuokolewa na utaratibu. Kama kijana angekuwa amesafisha diski yake juma hilo, kama tulivyokuwa tumemshauri afanye, tusingekuwa na kitu.

Kashe na namna ya kuisafisha

Proksi ni sehemu moja tu ya kile kinachoitwa kashe, yaani faili ambazo programu inajitengenezea ili iende haraka. Kuna picha ndogondogo za kuonyesha kilichomo katika kila video, kuna michoro ya mawimbi ya sauti, na kuna vipande vya mstari wa kazi vilivyokwisha kuandaliwa ili vicheze bila kukwama. Hivi vya mwisho utaviona kwa utepe mwekundu unaogeuka kuwa kijani kadiri vinavyokamilika. Vyote vinaweza kutengenezwa upya mradi picha za asili zipo. Neno la kushika ni hilo: mradi za asili zipo.

Ukurasa wa kashe ndani ya mipangilio ya mradi unaonyesha ukubwa wa kila aina na kitufe cha kuifuta. Futeni hapo, msiende kufuta kwa mkono ndani ya folda zilizofichwa, kwa maana huko ni rahisi kufuta kitu kingine. Wakati mzuri wa kufuta ni baada ya kazi kukabidhiwa na kuhifadhiwa, si katikati ya kazi kwa sababu diski imejaa. Katika mipangilio ya jumla kuna pia kiwango cha ukubwa wa kashe ambacho kikizidi programu inakuonya.

Tahadhari moja. Kusafisha mradi kwa kuondoa video zisizotumika katika orodha ni jambo la kawaida. Faili zinabaki kwenye diski. Lakini katika matoleo kadhaa, mipangilio ya mradi ina pia kitufe kinachofuta faili zenyewe zisizotumika, na zikifutwa hapo hazirudi. Programu inaonya, lakini mtu aliyechoka saa sita usiku hasomi maonyo. Sisi tumekubaliana kwamba hakuna anayekigusa.

Hesabu ya nafasi

Tuseme wazi juu ya ukubwa, maana hapa ndipo wazee wa kanisa wanapouliza kwa nini tunaomba diski nyingine. Simu kama iPhone ikirekodi Full HD kwa picha 30 kwa sekunde inatumia mega 60 hivi kwa dakika ikiwa katika mfumo wa ukandamizaji wa HEVC, na mega 130 hivi katika mfumo wa zamani unaofunguka kwenye mashine nyingi. Kwa 4K ni mega 170 na 350. Ibada ya saa mbili kwa mega 130 ni giga 15 na zaidi. Kamera mbili ni giga 31. Kwa 4K ya mega 350 kamera moja peke yake inafika giga 42. Jumapili 52 za mwaka kwa kamera mbili za Full HD ni karibu giga 1600, na bado hamjarekodi kongamano wala harusi hata moja.

Si lazima kila kitu kihifadhiwe. Mahubiri, ushuhuda, ubatizo na kuwekwa wakfu kwa watumishi tunaweka picha za asili. Kwa ibada ya kawaida, baada ya miezi mitatu tunabaki na video iliyokamilika na sauti kamili. Kila timu iamue yake, lakini iamue kabla diski haijajaa, kwa kuwa uamuzi wa haraka daima unafuta kitu kisichofaa kufutwa.

Diski haipaswi kujaa mpaka mwisho. Tukifika sehemu ya tano ya mwisho tunaanza kuhamisha. Kama fedha inapatikana kwa kitu kimoja tu, nunueni SSD ya kufanyia kazi, na diski ngumu ya kawaida iwe ghala. Diski ya kawaida inasoma mega 100 hadi 150 kwa sekunde, SSD ya kawaida inafika 500. Angalieni pia tundu: USB 2 ya zamani inapitisha mega 30 au 40 tu kwa sekunde, hivyo giga 31 zinachukua karibu robo saa, na kuhariri moja kwa moja kupitia hapo ni mateso. Matundu ya USB 3 mara nyingi yana rangi ya buluu ndani.

Wengine wamekutana na flashi inayokataa faili ingawa ina nafasi tele. Sababu ni kwamba imefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiokubali faili moja inayozidi giga 4. Kwa mega 130 kwa dakika hiyo ni nusu saa tu ya video. Fomatini kwa exFAT, baada ya kutoa kilichomo. Ila exFAT haina daftari la ndani la kurekebisha mambo umeme ukikatika katikati ya kuandika. NTFS ya Windows na ext4 ya Linux zinalo. Kwa hiyo exFAT ni nzuri kwa diski ya kupitisha vitu kati ya mashine, na diski ya kazi isiyohama iwe na mfumo wa kompyuta yake.

Umeme ukienda

Katika mipangilio ya jumla, hakikisheni kwamba uokoaji baada ya ajali umewashwa. Umeme ukikatika na kompyuta ikazimika, Kdenlive ikifunguliwa tena inauliza kama unataka kurudisha kazi ambayo haikuhifadhiwa. Kubalini. Zaidi ya hayo, kila unapohifadhi, programu inaweka nakala ya mradi wa zamani pembeni, na katika menyu ya mradi kuna njia ya kufungua nakala hizo kwa tarehe na saa. Hii imewaokoa ndugu wengi waliohifadhi kosa juu ya kazi nzuri.

Bado tunahifadhi kwa mkono kila baada ya dakika chache, na kila siku tunahifadhi kwa jina jipya lenye namba: ushuhuda_01, ushuhuda_02. Faili ya mradi ni ndogo, hata hamsini hazina uzito. Laptopu ambayo betri yake imekufa muihesabu kuwa kompyuta ya mezani, na wakati wa kubadilisha kutoka umeme wa mtandao kwenda jenereta msiwe mnanakili kitu kwenye diski ya nje.

Jambo dogo linalohusiana na umeme wetu: ni wa 50 Hz, na taa fulani zinachezacheza kwenye picha zilizorekodiwa kwa 30 kwa sekunde. Kama kamera inaruhusu, rekodini kwa 25, na katika mipangilio wekeni mradi wa kawaida uwe Full HD wa 25. Video za simu zina tatizo jingine, kasi ya picha zake haiko sawa mwanzo hadi mwisho, na midomo inaachana na sauti. Kdenlive ikiligundua inapendekeza kuibadilisha video iwe ya kuharirika vizuri. Ikubalieni, lakini mjue kwamba inatengeneza faili mpya, tena kubwa. Iwekeni nafasi katika hesabu.

Kwa wanaotumia programu nyingine

DaVinci Resolve ni programu nzuri na ina toleo la bure, lakini inahitaji kadi ya picha yenye nguvu. Tofauti yake kubwa kwa habari yetu ni kwamba mradi hauonekani kama faili katika folda yako; uko katika maktaba ya miradi ndani ya programu. Mtu anaweza kunakili folda yote ya picha na kuacha mradi nyuma. Ni lazima uutoe mradi, nao unakuwa faili ya .drp, au utengeneze kumbukumbu kamili yenye picha zake. Na katika mipangilio ya hifadhi, diski iliyo ya kwanza katika orodha ndiyo inayopokea kashe, kwa hiyo ya kwanza iwe ile yenye kasi na nafasi.

Vijana wengi wanahariri kwa CapCut kwenye simu. Hatuwazuii, kazi nyingi nzuri zinatoka huko. Lakini rasimu zinakaa ndani ya simu, na ukiiondoa programu ili kupata nafasi, rasimu zinaondoka nayo. Simu ikiibiwa, vivyo hivyo.

Kufunga kazi

Video ikikamilika, Kdenlive ina kazi ya kuhifadhi mradi wote, katika menyu ya mradi. Inakusanya kila video, picha na sauti iliyotumika, popote ilipokuwa, inaziweka katika folda moja na kurekebisha anwani zote. Unaweza kuchagua ichukue zile zilizo kwenye mstari wa kazi tu, na unaweza kuibana iwe faili moja. Sisi hatuibani, kwa sababu video zimekwisha kubanwa na hatupati nafasi, na faili moja kubwa ikiharibika inaharibika yote.

Folda hiyo inanakiliwa kwenye diski mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili inakwenda kukaa mji mwingine, kwa ndugu wa parokia nyingine, nasi tunawatunzia yao. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka, watu wa Goma walitoka nyumbani na walichoweza kubeba, na tangu hapo wengi wamehama tena kwa sababu nyingine. Diski mbili zilizo katika kabati moja ni kama diski moja. Kupandisha giga 31 kwenye intaneti kwa bei ya mega zetu ni vigumu, ingawa video iliyokamilika inafaa ipande YouTube, hata bila kutangazwa. Imebanwa, lakini ipo.

Na mara mbili kwa mwaka tunachomeka diski ya ghala kwenye kompyuta ambayo si ile iliyofanya kazi, tunachagua mradi mmoja wa zamani, na kuufungua. Mara ya mwisho ulifunguka wote isipokuwa maandishi ya majina, kwa sababu aina ya herufi tuliyotumia haikuwepo kwenye mashine hiyo. Sasa faili ya herufi nayo inaingia katika folda.